Nikitoa betri ya rimoti, gari litasahau ufunguo?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nafundisha Kongwa, naendesha Toyota ndogo ya mtumba kutoka Japani, ile ya kuwasha kwa kitufe. Mwezi huu rimoti haifungui mlango mpaka niusogelee kabisa, na juzi pale Kibaigwa gari lilikataa kuwaka hadi nilipojaribu mara ya nne. Fundi mmoja ameniambia rimoti imekufa, ninunue nyingine na gari lifanyiwe programu upya. Mwingine anasema ni betri tu, ila nikiitoa gari litasahau ufunguo. Nimsikilize yupi?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Huyo wa betri ndiye aliye karibu na ukweli, ila hilo la gari kusahau liache. Namba ya siri ya rimoti inakaa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, kama picha zinavyobaki kwenye memori kadi hata ukiitoa kwenye simu. Kwa magari mengi unaweza kutoa betri leo ukaweka nyingine kesho, na gari likakutambua vilevile.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua ufunguo wa pili kama unao, usimame palepale unaposimama siku zote, ubonyeze. Ukifungua kwa mbali, gari ni zima na shida iko kwenye rimoti unayoitumia. Ikiwa zote mbili zinasumbua, hapo tutazame gari lenyewe, tukianza na betri yake kubwa. Lakini dalili uliyoieleza, ya umbali kupungua kidogo kidogo, naijua vizuri: ni betri inayoisha. Rimoti iliyokufa kwa kuingia maji au kuanguka huwa inanyamaza ghafla.

Tena betri hizi haziishi kwa kubonyeza tu. Ufunguo wa gari la kitufe unasikiliza mawimbi ya gari muda wote, hata ukiwa mfukoni. Vitabu vya maelekezo vya Toyota vinaipa betri mwaka 1 hadi 2, na vinakataza kuweka ufunguo karibu na televisheni, kompyuta au chaja ya simu. Najua kitabu chako kimekuja kwa Kijapani, ndiyo maana nakuandikia haya. Usiutundike ukutani jirani na gari linapolala, wala usiuache juu ya dashibodi na jua letu hili la Dodoma.

Sasa namba, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Ile betri bapa kama sarafu imeandikwa namba mgongoni, na namba hiyo ni vipimo vyake. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule, unene 2.5. CR2016 ni 1.6. CR1632 ina upana wa milimita 16. Zote ni volti 3, kwa hiyo muuzaji atakwambia "hii nayo inaingia". Ni kweli inaingia. Lakini betri nyembamba haibanwi sawasawa na vile vyuma, itafanya kazi mezani, halafu ukishapita barabara ya vumbi yenye makorongo inaachia. Nimefungua rimoti nikakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imekunjwa ndani kuziba nafasi. Karatasi ile inapitisha umeme. Ikisogea ikagusa pande zote mbili, betri mpya inaisha upesi. Fungua kwanza, soma namba, ndipo uende dukani. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti yake. Zile zinazochanganywa kwenye kopo moja hugusana na kuisha kabla hujazinunua.

Kufungua ni rahisi ukiwa na subira. Pembeni ya rimoti kuna kitasa kidogo. Kisukume, uchomoe ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani. Kwenye nafasi uliyoiacha, ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, uizungushe taratibu mpaka kava liachie. Kisu cha jikoni kiache jikoni, kinakata sakiti. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, uone alama ya kujumlisha inatazama wapi. Betri itoe kwa kijiti au kucha, si kwa koleo la chuma. Ukikuta vumbi jekundu, lifute kwa brashi laini kavu. Vyuma vikiwa na ukungu, visugue kwa pamba yenye spiriti, viache vikauke. Betri mpya ishike kwa kingo zake. Zipo zilizopakwa kitu kichungu ili watoto wazikatae. Rimoti isipoitikia, ifute betri hiyo kwa spiriti kwanza.

Wenye funguo za kuzungusha, zenye rimoti kichwani, nawaomba jambo moja. Kwa funguo nyingi, ndani ya kava kuna kipande kidogo cheusi, au cha kioo, hakijaunganishwa na waya wowote. Ndicho kinacholiruhusu gari kuwaka, na hakitumii betri kabisa, kinapewa nguvu na koili iliyo kwenye swichi. Watu wanabadilisha kava lililopasuka, wanalitupa la zamani na kipande kikiwa ndani. Mzee mmoja alivutwa kwa kamba kutoka Bahi kwa sababu hiyo. Tulikipata kwenye ndoo ya taka nyumbani kwake, baada ya siku mbili.

Na yakikukuta tena kama ya Kibaigwa, usihangaike na majaribio manne. Fungua mlango kwa ule ufunguo wa chuma, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo ya Toyota kwenye kitufe chenyewe, ukisikia mlio bonyeza. Gari litawaka hata betri ya rimoti ikiwa imeisha kabisa. Magari mengine yana tundu la kuchomeka rimoti, au alama kwenye shingo ya usukani.

Betri uliyoitoa usiiache mezani. Naisema hii kwa uzito, mwalimu. Betri iliyoshindwa kuendesha rimoti bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo la mtoto, na jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa 2. Ifunge kwa selotepu pande zote mbili, iweke juu mpaka utakapoitupa. Mtoto akiimeza, au ukihisi tu kwamba ameimeza, usimtapishe wala usisubiri kuona dalili. Mkimbize hospitali apigwe eksirei, na ubebe pakiti ya betri ili daktari aone namba.