Mwanangu, habari ya kuzamia pangoni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma baada ya Isha, mama yako kakaa pembeni anangoja niseme neno. Waniuliza hivi: marafiki zako wa Dar wanakuja Unguja Ijumaa mpaka Jumapili, mmoja wao ana mitungi na kurunzi, na wanataka kuzamia ndani ya pango la maji huko kusini. Wewe una cheti cha kuzamia bahari ya wazi. Wataka kujua uende nao, au hofu yangu ni ya kizee tu.

Njooni. Jambiani nendeni, pango la Kuza mkaoge, maji yake maangavu na ya baridi. Ila pale mwanga wa jua unapokoma, nawe komea hapo hapo.

Ukiwa baharini, mita 15 chini, likikufika la kukufika unapanda polepole. Juu kuna hewa, kuna boti, kuna nahodha anayekutazamia. Pangoni juu kuna jiwe. Yote uliyofundishwa ya kujiokoa mwisho wake ni kupanda, na humo hakuna pa kupandia. Njia ya kutokea ni ile ile uliyoingilia, hata ukiwa umeishiwa.

Tupige hesabu, kwa kuwa wewe mtu wa hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia huku juu hutumia kama lita 20 kwa dakika. Mita 20 chini mgandamizo ni mara tatu, basi ni lita 60, na mtungi mzima ni dakika 40. Wazamiaji wa mapangoni huigawa hewa mafungu matatu: moja la kuingilia, moja la kutokea, na moja la mwenzako akiishiwa. Za kuingilia zimebaki dakika 13 na kidogo. Mtu akishikwa na hofu hupumua kwa pupa, na hesabu yote hii huvurugika.

Halafu kuna tope. Chini ya mapango hutuama vumbi laini la mawe, miaka halijaguswa. Piga pezi moja vibaya, maji yanageuka uji, na kurunzi yako haikuonyeshi hata kiganja chako. Ndiyo maana wenye kazi hiyo hufunga kamba tangu nje kwenye mwanga na hawaiachi, na kila mmoja hubeba taa tatu. Mapango ya pwani yana na jambo lake jengine: maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, na yanapokutana macho huona ukungu, kamba iliyo mbele yako ukaiona imepinda. Huyo rafiki yako ana kamba? Katika ujumbe umetaja mitungi na kurunzi tu.

Usiniambie kwamba yeye ni hodari wa kuogelea. Mwaka 2018, wale watoto 12 na kocha wao waliponaswa katika pango la Tham Luang kule Thailand, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mzamiaji wa jeshi la majini, aliingia kupeleka mitungi ya hewa. Akafa Julai 6 akiwa njiani kutoka. Watoto na kocha wote walitolewa hai, na waliowaongoza majini walikuwemo watu waliozoea mapango kwa miaka mingi.

Wazamiaji wa mapangoni wana sharti moja nalipenda sana: yeyote, wakati wowote, akisema turudi, wote wanarudi, wala haulizwi kwa nini. Watazame hao rafiki zako. Kama wewe kusita kidogo tu washaanza kukucheka kwenye simu, ndani ya maji nani atathubutu kusema turudi? Hilo kwangu ni zito kuliko vyombo vyao. Ukitaka kweli kuzamia mapangoni, kasome kozi yake kwa mwalimu wa kazi hiyo hiyo. Nami nitakuchangia ada.

Kuza kuna wenyewe wa kuwalipa kiingilio. Mkisikia pango jengine lolote, muoneni sheha kwanza. Mengine watu huweka nadhiri zao, mengine ndiyo maji ya kunywa ya mji.

Jumamosi nendeni kisiwa cha Mnemba, mzamie mnavyotaka, maana hiyo ndiyo bahari cheti chako kinayoijua. Tafuteni chombo chenye oksijeni ya dharura, na muulize kabla hamjalipa.

Na kama mnarudi Dar kwa ndege Jumapili, asubuhi yake msizamie. Baada ya kuzamia mara kadhaa yataka mtu akae angalau saa 18 ndipo apande ndege. Kwa boti ya bandarini hakuna neno. Niambie mtakuwa wangapi, mama yako anataka kujua mchele wa Ijumaa.

Baba yako