Uzito wa mkoba wa shule na mgongo wa mtoto

Dada yangu, umeeleza kwamba mwanao wa darasa la tatu, mwenye kilo 24, hurudi nyumbani ameinama akilalamikia mgongo. Kabla ya kununua mkoba mwingine, upime ulio nao kwenye mizani ya dukani, kwa kuwa wataalamu wengi hushauri usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, yaani kwake kilo 2.4 hadi 3.6. Wa binti yangu ulifika kilo 6; chini kabisa tulikuta madaftari yaliyojaa tangu muhula uliopita, na kokoto za kuchezea. Avae mikanda yote miwili, nayo ikazwe, vitabu vizito vikae upande wa mgongoni. Akipata ganzi, au maumivu yakimwamsha usiku, mpeleke kwa daktari bila kungoja.