Nimejenga nyumba za Wahispania, nimekarabati za Wakri: jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi umeuliza kwa nini Wahispania, waliopigwa na mgogoro wa uchumi hadi familia zikatolewa ndani na polisi, wameinuka, wakati Wakri, wenyeji asilia wa Kanada, "wanapewa kila kitu bure" na bado wako hoi. Wachangiaji watatu wameshahitimisha: uvivu na pombe. Nimesoma nikanyamaza siku mbili, ya tatu nimeshindwa.

Mimi ni fundi ujenzi, mtu wa Tanga. Nilikaa Hispania, pande za Almería, kuanzia 2005 hadi 2013. Kisha mke wangu akanivuta Winnipeg, Kanada, na kati ya 2015 na 2019 nilikuwa napelekwa kaskazini mwa jimbo la Manitoba kukarabati nyumba kwenye rizavu za Wakri, yaani yale maeneo waliyotengewa na serikali. Uchumi sikuusomea. Ninachokijua ni nyumba, basi nitaongea kwa nyumba.

Nianze na Hispania. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchuma nyanya kwenye mabanda ya plastiki pale El Ejido. Mabanda yale yameenea hekta kama 30,000, ukipanda mlimani unaona kama bahari nyeupe. Baada ya mwaka nikaingia kwenye ujenzi. Wakati huo kila kona kulikuwa na kreni. Benki ilikuwa inamkopesha kila mtu, mpaka kibarua wa kubeba zege. Jirani yangu, fundi mwashi, Mhispania wa hapo hapo Roquetas de Mar, alinunua nyumba ya ghorofani 2006 kwa mkopo wa miaka 40. Tulisherehekea kwa samaki wa kukaanga.

2009 kazi ikakata. Si kwake tu, kwa wote. Mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya milioni 6 hawakuwa na ajira, asilimia 27 ya nguvu kazi, na kwa vijana ilipita nusu. Jirani akashindwa marejesho. Benki ikachukua nyumba kwa sehemu tu ya thamani yake, na deni lililobaki likamfuata yeye mwenyewe, maana kwa sheria ya mikopo ya kule kurudisha ufunguo si kulipa deni. Siku ya kutolewa nilimsaidia kushusha friji kwa ngazi. Mama yake, mtu mzima, alikaa kwenye kiti cha plastiki pale chini na tundu la ndege mapajani, haongei na mtu.

Sasa sikiliza walienda wapi. Walienda kwa huyo mama. Alikuwa na nyumba ndogo kijijini, isiyodaiwa na mtu, na alikuwa na pensheni. Tarehe 25 ya kila mwezi pensheni ikiingia benki, watu saba wanakula. Nimeona nyumba nyingi zilizoishi hivyo miaka mitatu, minne. Mtoto akiugua, kituo cha afya ni bure. Hata mimi, miaka mitatu ya mwanzo sina karatasi, nilijiandikisha tu manispaa nikapewa kadi ya afya. Msumari uliponipitia mguu nilishonwa bila kuulizwa viza. (2012 serikali iliwaondoa wasio na karatasi kwenye huduma hiyo, ikarudishwa 2018. Nasema nisije nikaambiwa napamba.) Vijana wenye shahada walipanda ndege kwenda Ujerumani na Uingereza, kama babu zao walivyopanda treni miaka ya 1960. Hakuna aliyewazuia mlangoni.

Kwa hiyo Mhispania alianguka, tena alianguka vibaya, lakini chini yake kulikuwa na vitu vinne: nyumba ya bibi, pensheni, hospitali, na pasipoti. Vishike hivyo.

Twende kaskazini. Kijiji sitakitaja. Kiko kaskazini-mashariki ya Ziwa Winnipeg, na kwa gari unafika tu pale maziwa na mito inapoganda, wiki chache kati ya Januari na Machi. Muda mwingine wote ni ndege ndogo. Siku ya kwanza bibi mmoja mwenye nyumba niliyopangiwa akanisalimu, "Tansi." Nikadhani ananiuliza kama natoka Tanzania, nikaitikia "Ndiyo!" kwa furaha. Kumbe ndiyo habari yako ya Kikri. Alicheka hadi akakaa chini. Tulimwita Kokum, bibi, kama walivyomwita wote.

Nikiri kwanza. Wiki ya kwanza nilisema haya haya mnayosema nyinyi. Nafika kazini saa mbili asubuhi, saa tano asubuhi vijana wa kiume bado wamelala. Nikamwambia mwenzangu, "Hawa hata uwajengee Dubai." Wiki ya pili nikahesabu. Nyumba ya vyumba vitatu, watu 13. Vitanda ni vya zamu. Watoto wa shule na wazee wanalala usiku, vijana wanakesha sebuleni na michezo ya video, na kitanda kikiachwa asubuhi ndipo wanajitupa. Nilinyamaza tangu siku ile.

Nilipobandua jipsamu ya chumba cha watoto, nyuma yake palikuwa peusi tii kama chungu cha kuni. Ukungu. Sio uchafu, wazee, kile chumba kilikuwa kinapigwa deki kila siku. Ni hesabu ya hewa. Watu 13 wanapumua, wanapika, wanaanika nguo ndani, nje ni nyuzi 35 chini ya sifuri. Mvuke unakwenda kwenye ukuta wa baridi, unageuka maji, maji yanakaa nyuma ya bodi. Nyumba ilichorwa kwa ajili ya familia ya watu watano wa mjini kusini, feni ya kutoa hewa moja, tena imeharibika. Mtoto mdogo wa nyumba ile alikuwa na kifua hakiishi. Nikabandika jipsamu mpya, najua kabisa kwamba baada ya miaka mitatu itakuwa vile vile, maana watu watabaki 13.

Nikamuuliza Kokum, kwa nini mjukuu wako mwenye kazi shuleni asijenge yake? Hapo ndipo nilipoielewa Kanada. Ardhi ya rizavu kisheria ni ya serikali kuu, imeshikwa "kwa ajili yao". Sheria ya Wahindi (ndivyo wenyeji walivyoitwa) ya 1876 mpaka leo inaendelea, na chini yake mali ya mwenyeji iliyoko rizavu haiwezi kukamatwa na mtu wa nje kwa deni. Inasikika kama ulinzi, na kweli ni ulinzi. Lakini benki isiyoweza kukamata nyumba haikukopeshi nyumba, labda baraza lako, yaani uongozi wa rizavu, au serikali ikudhamini. Jirani yangu wa Roquetas alifukuzwa kwa sababu alikopeshwa kupita kiasi. Mjukuu wa Kokum hakuna benki iliyowahi kumpa hata nafasi ya kufilisika. Anasubiri orodha ya baraza, na baraza linasubiri bajeti ya serikali kuu kule Ottawa, na bajeti ikija inasubiri barafu. Mwaka mmoja barafu ilichelewa kushika, malori yetu yenye mbao na jipsamu yakaishia njiani, vifaa vikalala ghalani hadi msimu uliofuata. Mafundi tulilipwa siku kadhaa za kukaa bure. Huo ndio "msaada wa bure" mnaousikia, sehemu yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Dukani nikakuta nyanya. Nne, kwenye kisahani cha plastiki, zimekunjamana. Kwa bei yake pale Almería ningejaza kreti, na zile mbovu tulikuwa tunawatupia mbuzi.

Na vile vitu vinne? Nyumba ya bibi ndiyo hiyo yenye watu 13. Hospitali ni kituo cha wauguzi. Daktari anakuja kwa ndege, na mjamzito anasafirishwa mjini wiki kadhaa kabla ya kujifungua, hadi 2017 kwa kawaida peke yake, anakaa hotelini au hosteli akisubiri uchungu. Kutoka nje nako kuna historia. Baada ya uasi wa 1885 dhidi ya serikali ya Kanada, Wakri wa nyanda za magharibi hawakuruhusiwa kutoka rizavu bila cheti cha ofisa wa serikali, ndugu yake kipande cha Kenya ya mkoloni. Walikuja kuruhusiwa kupiga kura ya taifa bila kupoteza hadhi yao ya kisheria ya wenyeji mwaka 1960. Na pensheni yenyewe Kokum anaipata, ila haimalizi mwezi kwa bei za lile duka.

Halafu kuna lile lisilo na mfano upande wa pili. Najua Franco, dikteta wa Hispania, aliwakataza Wakatalani lugha yao shuleni na maofisini, wazee wa Barcelona bado wana hasira. Lakini mtoto wa Kikatalani jioni alirudi nyumbani, akaongea Kikatalani na mama yake. Kokum alichukuliwa na ndege akiwa na miaka saba, akapelekwa shule ya bweni ya kanisa, akapewa namba, akarudi likizo hawezi kuongea sawasawa na bibi yake. Watoto kama 150,000 wa wenyeji walipitia shule hizo, na ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990. Serikali iliomba radhi 2008, Papa Francis akaenda kuomba radhi Maskwacis, kwa Wakri wa Alberta, Julai 2022. Kokum nilimjengea milango mipya ya vyumba, akaniambia cha watoto niache wazi, nisiweke. Sikumuuliza sababu.

Pombe ipo, sitadanganya. Kijiji kile pombe ilikuwa marufuku kwa kanuni yao wenyewe, na bado chupa ziliingia kwa njia za panya kwa bei ya ajabu. Vijana wanajiua, Aprili 2016 Attawapiskat, kijiji cha Wakri kule Ontario, walitangaza dharura baada ya watu 11 kujaribu kujiua ndani ya siku moja. Na mabaraza si malaika, nimekarabati nyumba za jamaa wa wakubwa zilizoruka foleni. Lakini hata Hispania nilijenga barabara za kwenda kusikojulikana kwa sababu diwani alikuwa na shamba pale. Hakuna aliyesema ni damu ya Kihispania.

Kwa kweli walisema! Machi 2017 waziri wa fedha wa Uholanzi, Jeroen Dijsselbloem, aliyekuwa akiongoza mawaziri wenzake wa kanda ya euro, akizungumzia msaada kwa nchi za kusini alisema huwezi kumaliza hela kwenye pombe na wanawake kisha ukaomba msaada. Rafiki zangu wa Almería walichemka. Maneno yale yale mliyoandika hapo juu kuhusu Wakri, mwingine kaandikiwa Mhispania. Na Hispania ilipewa hela, tena nyingi. Iliingia Jumuiya ya Ulaya Januari 1986, na fedha za Ulaya zikamwagika kwenye barabara kuu na reli. Tofauti ni kwamba ilipewa ikaachiwa iamue.

Mkinibishia kwamba Wakri wakiachiwa hawawezi, tazameni Wakri wa Quebec. 1971 serikali ya jimbo ilitangaza mabwawa makubwa ya umeme James Bay bila kuwauliza. Wakaenda mahakamani, wakashinda Novemba 1973, wiki moja baadaye rufaa ikawageuka, lakini serikali ikaona bora waongee. Mkataba ukatiwa saini tarehe 11 Novemba 1975. Siku tisa baadaye Franco akafa Madrid. Huwa naipenda sana hiyo, jamii mbili zimeanza kushika mambo yao mwezi mmoja. Kwa mkataba ule walipata bodi yao ya shule inayofundisha Kikri, bodi yao ya afya, na mpango wa kumlipa mwindaji kwa siku anazokaa porini. 1982 wakaanzisha shirika lao la ndege, Air Creebec. 2002 wakasaini mkataba mwingine wa dola bilioni 3.5 kwa miaka 50. Nilifika Chisasibi, kijiji chao kimoja, majira ya joto 2018 kwa kazi ya wiki sita. Barabara ya kufika ipo, kampuni ya ujenzi ni yao, bosi wangu Mkri, na mikutano ya asubuhi ilikuwa Kikri kwanza. Si pepo: ardhi imezamishwa, samaki waliingiwa na zebaki, kisukari kimejaa, na nyumba bado hazitoshi. Lakini vijana sikuwaona wamelala saa tano asubuhi. Ni Wakri wale wale.

Kijiji cha Kokum mkataba wao na serikali ni namba 5, wa 1875. Nilikuwepo siku ya malipo ya mkataba huo. Askari kavaa sare nyekundu, meza, foleni. Kokum akapokea noti yake ya dola tano. Ndiyo, tano, kiwango kile kile cha karne ya 19, kwa mwaka. Akaikunja akampa mjukuu akanunue soda, chenji haikurudi.

Umeuliza pia nani ningependa kuishi naye. Kwa kulea wanangu, Almería, hata bila kazi. Kila kitu kinachopimika kiko juu kule. Ila wakati wa njaa Roquetas niliona watu wakienda kupanga foleni ya chakula cha kanisa mji wa pili, majirani wasiwaone. Kwa Kokum, wiki ya kwanza tu nililetewa mguu wa muusi mlangoni, mnyama mkubwa kama pofu wetu. Hakuna aliyebisha hodi. Nikaeleza kwa aibu kwamba mimi Muislamu, nyama isiyochinjwa siwezi. Wakaongea Kikri kidogo, wakauchukua mguu wao. Kesho yake nikakuta samaki wawili, wameganda kama matofali, wameegeshwa pale pale kwenye theluji.