Stoo mpya nyuma ya nyumba ya zamani

Dada, umeuliza kama unaweza kuongeza stoo nyuma ya nyumba ya enzi za mkoloni mliyorithi Milimani, Kisumu. Unaweza, lakini usianze na fundi. Anza na ofisi ya mipango ya kaunti, maana sheria ya mipango ya 2019 inataka kibali kabla ya kujenga. Waulize pia Makavazi ya Taifa kama nyumba imetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa urithi. Kama imetangazwa, sheria ya makavazi na urithi ya 2006 itakubana zaidi.

Lakini ninachokuomba sana ni kuutunza ukuta wa nyumba. Tafadhali usiiegemeze stoo kwenye nyumba. Mawe ya zamani mara nyingi yalijengwa kwa chokaa, na ukiyaziba kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea. Nimegusa ukuta wa namna hiyo, plasta ikamomonyoka kama unga mkononi. Acha upenyo wa kupita mtu na toroli, na maji ya paa yaende mtaroni, yasimwagikie msingi. Stoo iwe fupi kuliko nyumba, isionekane barabarani. Piga picha kila upande kabla ya kuchimba.