Mleta mada usitume hiyo hela ya "Dar yote siku moja"

Mkuu kama hiyo advansi hujatuma, ishikilie hapohapo. Umesema mnatoka Dodoma na mama watoto na madogo wawili, na jamaa wa kutembeza wageni kakupangia Ijumaa Makumbusho asubuhi, Kariakoo saa tano, mchana kisiwa cha Mbudya, jioni Kigamboni. Hiyo ratiba naijua, niliuziwa hiyohiyo na nikalipa yote kabla, mtu ana maneno matamu na picha za maji ya bluu, ukimuuliza foleni anakwambia "dereva wetu anajua chocho zote bosi". Chocho gani Bagamoyo Road saa kumi jioni?? Kutoka Kariakoo tu ilikuwa shughuli, Noah imebanwa na mikokoteni na bodaboda, tukaja kuganda Morocco, tukaganda tena Mwenge, AC imezimwa eti gari inachemsha, mtoto anatapika kwenye mfuko wa rambo huku wauza karanga wanagonga kioo. Tunafika Kunduchi kwenye boti za Mbudya jua limeshalala, mwenye boti anasema saa hizi hapeleki mtu, anaenda kuwachukua walioko kisiwani. Watoto wameshavaa maboya! Kumpigia jamaa arudishe hata hela ya boti, hairudishwi, kesho yake hapatikani. Na kiingilio cha kisiwa hakikuwemo kabisa kwenye hela yake. Hawa watu wananiuma mpaka leo, anajua haiwezekani na bado anachukua hela ya mtu mwenye familia.

Sasa shika hili: siku moja, upande mmoja wa mji. Basi.

Siku ya mjini panda mwendokasi mpaka Kivukoni, hapo ni mguu tu. Anzeni Feri asubuhi wakati samaki wananadiwa, mtu anainua changu bado anang'aa na bei inapanda mbele ya macho yako, halafu kanisa la Azania Front, kanisa la St. Joseph la enzi ya Mjerumani, Sanamu ya Askari ya 1927 na bunduki yake imeelekea bandarini. Makumbusho ya Taifa iko palepale mtaa wa Shaaban Robert, madogo wapate habari za Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu Mary Leakey aliloliona Olduvai 1959. Na muulize huyo jamaa kaandika Makumbusho ipi, maana Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili kiko Bagamoyo Road, mbali kabisa na hapo. Kigamboni iwe siku hiyohiyo, pantoni iko Feri.

Mbudya ipe siku yake nzima. Lala hukohuko Kunduchi au Mbezi Beach, uwahi boti asubuhi bahari ikiwa imetulia, mchana upepo unaamka na mtalowa. Boti lipia pwani ukiiona kwa macho, kiingilio walipe watu wa hifadhi ya bahari wenyewe na risiti uchukue.

Hoteli na misosi uliyouliza wengine watakuja kukujibu. Mimi niambie tu, hela umeshatuma au bado?