Kuisoma dashibodi: kwa dereva anayeanza kazi Malindi

Anayeanza kazi ya udereva hapa Malindi hufundishwa mapema gia, breki na alama za barabarani, lakini ni nadra kufundishwa kuisoma dashibodi, ilhali ukishaipita Marereni kuelekea Garsen kuna masafa marefu yasiyo na gereji wala fundi wa kumuuliza.

Kila asubuhi fungua swichi bila kupiga stata. Taa nyingi zitawaka kwa pamoja, kwani hapo gari linajipima, nawe zitazame moja moja. Taa isiyowaka wakati huo si dalili ya uzima: huenda balbu imeungua, au aliyeuza gari aliitoa makusudi ili kuficha ubovu. Injini ikishashika, taa ya oili na ya betri zizimike katika sekunde chache.

Ninayoihofia kuliko zote ni ile nyekundu yenye umbo la birika la oili. Wengi hudhani inapima kiasi cha oili, kumbe inaonyesha presha, yaani nguvu inayoifikisha oili kwenye beringi za injini. Presha ikikosekana, chuma husagana na chuma, na injini inaweza kufa kwa dakika chache tu. Ikiwaka njiani, egesha pembeni, zima injini papo hapo, kisha upime oili kwa kijiti. Ukikuta imefika alama ya juu na taa bado ilikuwa ikiwaka, usiwashe tena hata tajiri akipiga simu kuuliza mzigo uko wapi, gari livutwe.

Geji ya joto nayo ina hila yake. Wakati wa kaskazi, gari likiwa limejaa, sindano ikipanda kupita mahali pake pa kawaida, zima kiyoyozi na usimame. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali na moto: maji yaliyobanwa kwa presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiyaachilia ghafla hufoka na kukuunguza uso. Tena, maji yakivuja yote, kipimo hubaki hakigusi maji, na sindano huweza kushuka huku injini ikiungua. Sindano iliyokuwa juu ikianguka ghafla, simama vilevile.

Taa ya betri huhusu chaji. Alteneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ikiwa nzima hutoa takriban volti 13.5 hadi 14.5. Taa ikiwaka, mara nyingi mkanda umekatika au umelegea, na katika magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo tazama geji ya joto mara moja.

Taa ya manjano ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinashika. Ikiandamana na ile nyekundu ya breki, usiendelee. Upepo wa chumvi wa huku Gongoni hula viunganishi vya nyaya, na huenda kosa liko hapo tu, lakini hilo alithibitishe fundi.

Ya injini, nayo manjano, ikiwaka bila kupepesa, unaweza kufika gereji taratibu. Ikipepesa, kuna silinda isiyochoma petroli sawasawa, na petroli hiyo huenda kuunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Ondoa mguu kwenye mafuta. Fundi akichomeka mashine ya kusomea kodi, yaani namba ya kosa, atapata kwa mfano P0301, maana yake silinda ya kwanza ndiyo isiyochoma sawasawa. Mwombe aiandike kodi hiyo kabla hajaifuta.