Maumivu yaliyorudi siku ya nne baada ya kung'oa gego la mwisho

Pole sana dada. Unasema ulipata nafuu siku mbili, na leo, siku ya nne, maumivu yamerudi kwa nguvu hadi sikioni. Usijikaze, rudi kwa daktari wa meno leo hii.

Jino likitoka, damu huganda kwenye tundu na kufunika mfupa. Bonge hilo likichomoka mapema, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake huanza hivyohivyo, siku ya tatu au ya nne. Yalinipata mimi. Nilimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo nikaona tundu tupu, la kijivu, na mdomo ulikuwa unanuka. Daktari aliliosha, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, na usiku ule nikalala.

Kwa sasa meza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ukishakula, unaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 400, ila si kama una vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au ujauzito. Amoksilini ya kujinunulia dukani acha, haitulizi maumivu haya. Sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, bila kutema kwa nguvu. Mrija na sigara weka kando kabisa.

Ukipata homa, uvimbe unaoongezeka, au ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, nenda hospitali hata kama ni usiku.